Begi la Dereva

Kama hujawahi kuishi na dereva wa basi, usimcheke Ernesta. Mwanamke yule aliolewa na mtu ambaye hata mezani, akitaka asogezewe chumvi, alipiga honi kwa mdomo. Watoto walicheka, wakakua, wakaondoka kila mmoja na njia yake, na baba yao bado anapiga honi. Jina lake Tumainieli, ila stendi ya Same ilimwita Tumaini Honi, kwa sababu kila alfajiri alipotoa basi stendi aliibonyeza mara moja, ndefu, mpaka mbwa wa mji mzima wakaitikia.

Ernesta mwenyewe aliuza chai na chapati pale pale stendi. Ndipo walipoonana, ndipo walipochumbiana, na ndipo alipoumalizia ujana wake, karai mbele, moshi wa dizeli nyuma. Mwisho stendi ikamchosha. Ikamchosha kweli, wala si utani. Akisikia mpiga debe anaita "Arusha Arusha Arusha" anaziba masikio. Basi Tumainieli alipostaafu, na daktari akamwambia presha yake inataka utulivu, Ernesta hakungoja kuambiwa mara ya pili.

"Baba Blessing, twende Mrimbo," akasema.

"Mrimbo kufanya nini?"

"Kuishi. Si kwenu?"

Kwao kwa jina tu. Baba yake Tumainieli alishuka mlimani akiwa kijana kwenda kufanya kazi ya reli, akaoa Lembeni, akazaa Lembeni, akazikwa Lembeni. Huku juu kilibaki kiwanja cha ukoo na nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba viwili. Mwana hakuwahi kulala humo hata siku moja. Ernesta ni mtu wa Kileo, tambarare tupu, mlima aliujua kwa kuutazama. Lakini ndiye aliyefunga mizigo.

Mrimbo ni kitongoji kidogo juu kabisa ya milima ya Upare, pikipiki zinapanda zikilia na kushuka zimezimwa. Ni nchi ya miwa. Mabondeni miwa, kando ya mifereji miwa, nyuma ya kanisa miwa. Na miwa ile haiendi kiwandani, sahau. Inakuwa dengelua, mvinyo wa Wapare, na watu wa Same wakisikia dengelua ya Mrimbo wanameza mate mchana kweupe. Kila nyumba ina kinu chake, kila nyumba inaapa kwamba ya jirani ni maji ya kuoshea vyombo.

Ernesta alipendezwa tangu wiki ya kwanza. Nisifiche, alifurahi mpaka akaona aibu. Aliamka ukungu umekaa uani, akachemsha chai ya tangawizi mbichi ya kung'oa mwenyewe, akainywa akiwa amekaa, jambo ambalo stendi hakulipata hata Krismasi. Alipanda maharage na sukuma wiki. Jirani yake Yudith, mjane mwenye sauti nene na vicheko vingi, alimletea maziwa kwenye kibuyu bila kuombwa, akakaa kupiga soga mpaka jua likazama. Jioni Ernesta akapika makande, akajiambia, hapa ndipo nitakapozeekea.

Kasoro ilikuwa moja, imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango.

Ni begi. Begi jeusi la safari, lile Tumainieli alilozunguka nalo miaka yote ya udereva. Ndani yake mashati, taulo, mswaki wa akiba na leseni. Kila alichovaa alikitoa humo, na kikifuliwa kilirudi humo. Ernesta alimwambia kabati lipo, lina nafasi. Akajibu, "Acha tu, mama Blessing. Mimi nimekuja kutembea."

Na kweli alikaa kama mgeni. Kimya cha mlimani kilimtesa. Watu wanasema mlimani kimya, lakini jogoo wanawika, ng'ombe wanalia, kwaya ya usharika inafanya mazoezi kila siku ya Mungu. Hayo yote kwake hayakuwa sauti. Kila alasiri alikwenda kukaa juu ya jiwe moja ukingoni, mahali ambapo barabara kuu inaonekana kule chini, nyembamba, na mabasi yanatambaa. Aliyajua yote. "Lile limechelewa," anasema peke yake. "Huyu naye anakimbilia wapi?" Ernesta akimwona pale moyo unamwenda chini. Alijua mumewe hatagombana wala hatanuna. Siku moja atalitungua begi tu, aseme anashuka mjini mara moja, na ndiyo itakuwa imetoka. Na yeye angefanya nini? Angebaki mlimani bila mume, au angemfuata akarudi kwenye karai? Yote mawili hakuyataka. Alimtaka mume na alimtaka Mrimbo.

Kisha Rashidi akapiga simu. Rashidi alikuwa kondakta wake zamani. Sasa ana Coaster yake mwenyewe inayokwenda Bendera, na dereva wake ameacha kazi. Simu za Tumainieli husikika mpaka jikoni, kwa hiyo Ernesta alisikia kila kitu.

"Kaka, kiti chako hiki hapa," Rashidi akasema. "Njia fupi, jioni umerudi mjini, unalala chumba cha uani kwangu. Wikiendi unapanda kwa shemeji."

"Nipe muda, Rashidi. Huku miwa inavunwa, mama Blessing ana mambo."

"Nakupa. Ila mwisho wa mwezi, Jumamosi ile ya mwisho, nikuone stendi. Usipokuja nachukua mtu mwingine, usinilaumu."

Tumainieli akacheka, akasema ndiyo, ndiyo, bwana. Jikoni Ernesta akakoroga makande mpaka yakawa uji.

Sasa nisikilizeni habari ya pembe.

Mrimbo wana ndiva, bwawa la kuchimbwa kwa mkono, linalokinga maji ya kijito usiku ili asubuhi yagawiwe kwenye mifereji ya mashamba. Bila ndiva hakuna miwa, na bila miwa hakuna Mrimbo. Ndiva inajaa tope, na tope linazolewa kwa msaragambo, kazi ya watu wote. Msaragambo huitwa kwa pembe ya tandala, na mtunza pembe alikuwa mzee Nathanaeli, mtu wa miaka themanini na kitu, mkali kama pilipili kichaa, mwenye fimbo anayokuonyeshea badala ya kukusalimia.

Mwaka ule pembe ilikuwa imenyamaza. Meno ya mzee yalikuwa yamekwisha, na pembe yenyewe ilikuwa imepata ufa. Vijana wakasema ya nini pembe, tutatuma ujumbe kwenye simu. Wakatuma. Wakaja watu wanne. Waliobaki, huyu hakuona ujumbe, yule bando lilikwisha, yule simu aliiacha chaji. Loo! Watu wazima na akili zao. Tope likapanda, maji yakapungua, miwa ya bondeni ikaanza kukunja majani.

Siku moja mzee Nathanaeli akasikia kwamba dereva anajua kuziba vitu. Akaileta pembe, imeviringwa kwenye kanga ya marehemu mkewe.

"Shikamoo mzee," Tumainieli akasema.

"Marahaba. Ziba hapa. Usiichezee."

Tumainieli akaiziba kwa nta ya nyuki, akaizungushia mpira wa tyubu, kazi safi kabisa, akaiacha mezani ikauke. Ernesta alimwona mumewe akiipapasa ile pembe jioni nzima, akafurahi kumwona na cha kufanya, akaenda kulala.

Alfajiri, saa ileile ambayo zamani basi lake lilikuwa linatoka stendi, Tumainieli aliamka. Kwa mazoea tu. Akatoka uani na pembe yake mkononi kuona kama nta imeshika. Mbele yake ukungu, na huko chini taa za basi la kwanza zinatembea barabarani. Akavuta pumzi, akaweka pembe mdomoni, akaliaga basi lile kama alivyoaga stendi miaka yote, mara moja, ndefu.

Mungu wangu! Mlima ulijaa. Ernesta alikurupuka kitandani, akadhani lori limeingia chumbani. Akatoka na kanga moja, akamkuta mumewe amesimama, macho yanang'aa, anatabasamu kama siku ya harusi.

"Umesikia?" akauliza. "Haivuji hata kidogo!"

"Nimesikia. Na Same wamesikia."

Wakacheka wote wawili. Hawakujua. Yeye wa Lembeni, mke wa Kileo, wangejuaje? Mlio mmoja mrefu wa pembe ile maana yake ni kazi: shika jembe, toka. Na chai haijachemka, watu wakaanza kuingia uani. Yudith wa kwanza, gauni limepindwa, chepe begani. Nyuma yake wanaume na majembe, wasichana na karai, kijana mmoja amevaa kandambili za rangi mbili tofauti. Wale wa bando lililokwisha walikuwepo wote. Hakuna aliyebaki nyumbani, na hakuna aliyeuliza kama ni lazima.

Mwisho akafika mzee Nathanaeli, anahema, fimbo mbele.

"Nani amepuliza?"

Tumainieli akashusha pembe. "Mimi, mzee."

"Kazi iko wapi?"

"Nilikuwa... Mzee, nisameheni jamani. Nilikuwa naaga basi."

Halafu Yudith akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini na chepe lake, na uani kote wakaangua kicheko. Kijana wa kandambili akaigiza basi linapinda kona. Ernesta hakucheka. Alimjua mumewe: hapendi kuchekwa na watu asiowazoea. Akaona shingo yake imeingia mabegani, akaona jicho lake limekwenda mlangoni, kule kwenye begi. Ernesta akasema moyoni, basi, leo ndiyo leo, ananiondokea.

"Nyamazeni!" Mzee Nathanaeli akagonga fimbo. "Mnacheka nini? Mara ya mwisho mmejaa hivi ilikuwa lini? Kwenye simu zenu mlikuja wanne. Kaaga basi, haya, kaaga. Nyie mmekuja na majembe. Ndiva ile pale."

Wakaenda. Hakuna aliyebisha, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameona jirani yake naye yupo. Tumainieli aliingia kwenye tope mpaka magotini pamoja nao, kwa sababu angefanyaje. Ernesta alirudi nyumbani akatoa sufuria lake kubwa la stendi, lile aliloapa hataligusa tena, akapika chai ya watu wote na chapati. Na wallahi, mikono ilikumbuka yenyewe, na safari hii hakuna dizeli, hakuna anayemharakisha. Akabeba mpaka ndivani. Watu walikula wakiwa wamekaa ukingoni na tope lao, na Ernesta akaona jambo alilokuwa halioni tangu wahamie: mumewe anasimulia. Anasimulia habari za tembo aliyelala barabarani na abiria waliogoma kushuka, na watu wanamsikiliza wameacha midomo wazi.

Kufika mchana tope lote lilikuwa juu. Maji yakaanza kukusanyika, meupe, baridi. Hapo mzee Nathanaeli akamwita Tumainieli.

"Sasa dengelua."

"Dengelua gani, mzee?"

"Yako. Mwenye kupuliza ndiye anayewanywesha, na anaitengeneza kwa mikono yake, hanunui. Ulidhani kwa nini hakuna aliyekuja kuniomba pembe hii? Meno yamekwisha, mke sina, mikono inatetemeka, na hawa vijana wote wananikwepa kwa uvivu wa kukamua miwa. Jumapili ya wiki ijayo, baada ya ibada."

Asubuhi yake Tumainieli alikuwa kwa Yudith.

Yudith alikubali kumfundisha, kwa masharti yake. Dengelua ni maji ya miwa, lakini kinachoyafanya yachemke yenyewe na kuwa mvinyo ni matunda ya mwegea yaliyokaushwa, yanayowekwa ndani ya chungu karibu na moto. Matunda hayo hayatupwi. Yanaoshwa, yanakaushwa, yanatumika tena msimu unaofuata, na kila msimu yanazidi utamu. Ya Yudith yalitoka kwa mama mkwe wake.

"Nakuazima, shemeji," akasema. "Nakuazima tu. Haya hatumpi mtu wa kupita."

Chungu cha kwanza kiliharibika. Kiliharibika kwa udereva. Badala ya kukiacha kifunikwe na kitulie, Tumainieli alikifunua kila mara kutazama, kama anayeangalia maji ya rejeta. Anafunua, ananusa, anatikisa, anafunika, anazunguka nyumba, anarudi. Ernesta akamwambia, "Acha, baba Blessing, haina injini ile." Hakusikia. Siku ya pili Yudith akaonja, akatema nje.

"Shemeji, hii siki. Kachumbari unayo?"

Tumainieli akaweka kata chini, akatoka, akaenda kwenye jiwe lake kutazama mabasi. Alikaa huko mpaka giza. Ernesta aliona uchungu, halafu akaona hasira, halafu akapiga moyo konde akamfuata. Akakaa kando yake. Kule chini taa zilikuwa zinapishana.

"Ukitaka kwenda, nenda," akasema. "Sitakushika shati. Lakini mimi nabaki, nakwambia kweli. Hapa nina raha. Nikiwa na wewe raha inazidi, ila sirudi stendi."

Tumainieli alifuatisha taa za basi moja kwa macho. Kisha akauliza, "Yudith bado ana miwa?"

"Anayo."

"Nikikiweka chungu mbali nisikione?"

"Kiweke kwake. Nitakufungia mlango."

Akapiga honi ndogo kwa mdomo, ile ya kuomba njia, wakarudi nyumbani.

Walikamua miwa tena, wote watatu, kinu kinalia, mikono inanata. Chungu kikakaa kwa Yudith, na Ernesta alimlinda mumewe asiende huko. Mara mbili alimkuta amefika kwenye uzio akamrudisha kwa sikio, mtu mzima yule.

Jumapili ibada ilipokwisha watu walikuja. Mzee Nathanaeli akapewa kata ya kwanza. Akaonja, akafumba macho, akaonja tena, na uani kila mtu ametulia.

"Ya Yudith ni bora," akasema. Akanyoosha kata. "Ongeza."

Mlitaka asifie? Mpare wa miaka themanini hasifii dengelua ya mtu mwingine, na kuomba kuongezewa ndiyo sifa yenyewe. Walikunywa, waliimba, na jioni mzee aliondoka amejitegemeza kwa kijana wa kandambili, na pembe akaiacha juu ya meza ndani ya ile kanga. Ernesta akamkimbilia kumkumbusha.

"Sijasahau," mzee akajibu, wala hakugeuka.

Lakini Tumainieli hakutamka lolote kuhusu Rashidi, na Ernesta hakuuliza. Siku zikaenda. Aliona mumewe ana furaha, anapiga honi anapopita, lakini na stendi je, si alikuwa na furaha? Ijumaa, kesho yake ndiyo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Ernesta akachukua shati jeupe la dereva, lile pekee lililokuwa kwenye nguo zilizofuliwa, akalipiga pasi ya mkaa. Alilipiga vizuri, kola mpaka ikasimama. Kama anakwenda, aende msafi, watu wasiseme mke wake amemchoka. Machozi yalimtoka kidogo, akayafuta kwa mgongo wa mkono, akaenda nyuma ya mlango kuliweka shati ndani ya begi.

Alilitungua, likawa jepesi. Akafungua zipu.

Hamkuwa na nguo. Hamkuwa na taulo wala mswaki wala leseni. Begi lilikuwa na matunda ya mwegea, makavu, yameoshwa, yamepangwa juu ya gazeti, yananukia mvinyo na moshi wa jiko la Yudith.

"Mama Blessing, usiyashike na mikono yenye jasho!" Tumainieli alikuwa amesimama mlangoni na jembe. "Yudith amenigawia nusu. Humo ndani hayaingii panya. Ni ya msimu ujao."

"Na nguo zako?"

"Kabatini. Tangu Jumatatu. Hufungui kabati?"

Ernesta alisimama na shati lake lililonyooka, analia na kucheka kwa pamoja.

"Na Rashidi?"

"Nilimwambia atafute mtu." Tumainieli akaweka jembe chini, akalichukua shati mkononi mwa mkewe, akaitazama kola. "Hili nitalivaa kesho. Mzee anasema mfereji wa bondeni umebomoka. Nitapuliza alfajiri, kwa hiyo lala mapema, usije ukaruka tena."

Ernesta akafunga zipu, akalirudisha begi kwenye msumari wake.